Barua ya wazi kwa wenye ufunguo wa chumba cha picha za zamani

Lubumbashi

Kwa: Wakubwa wa ofisi inayotunza picha za zamani za mji wetu
Nakala: Waheshimiwa burgumestre, wakuu wa komine zote saba za mji, maparoko, wakuu wa shule, vyama vya wastaafu wa mgodi na wa reli
Kuhusu: Picha zisizo na majina, na wazee wanaoweza kuzipa majina

Waheshimiwa,

Tunawasalimu kwa heshima inayowastahili. Barua tatu zimekwisha kufika bironi kwenu na zote tatu zilipigwa muhuri wa mapokezi. Hakuna hata moja iliyojibiwa. Jibu pekee lilitolewa mlangoni, kwa mdomo: jambo liko juu ya meza ya mkubwa. Kwa kuwa meza hiyo inaonekana kuwa ndefu sana, leo tunaandika mbele ya watu wote.

Tunaoandika ni watunza nyaraka, wapiga picha na walimu wa historia. Ombi letu ni moja. Picha mlizofungia zioneshwe kwa wazee wa komine za Kamalondo, Kenya, Katuba, Ruashi na kambi za zamani za Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, na za reli, ili watuambie nani ni nani na wapi ni wapi. Hesabu yake haihitaji mashine: aliyekuwa na miaka 20 siku ya Uhuru, 30 Juni 1960, alizaliwa 1940. Leo amepita 80. Aliyekuwa mtu mzima wakati wa mgomo wa Desemba 1941, huyo hatumtafuti tena.

Tuchukue picha moja, tusionekane tunasema hewani. Ni chapa ya sentimita 13 kwa 18, imegandishwa juu ya karatasi ngumu. Watoto 22 kwa mistari mitatu, nyuma yao ukuta wa matofali ya kuchoma wenye madirisha mawili ya upinde. Walioketi mbele hawana viatu, isipokuwa mmoja, na huyo mmoja amekunja miguu kama anayeona haya kuwa navyo. Katikati mtoto ameshika kibao cha darasa kilichoandikwa kwa chaki: «5e A 195», na tarakimu ya mwisho imefunikwa na goti la mwenzake. Nyuma ya picha kuna maneno mawili ya penseli: «École. Lubumbashi?»

Hata alama ile ya kuuliza inasema kitu. Katika miaka ya 1950 mji huu uliitwa Élisabethville. Jina la Lubumbashi, ambalo zamani lilikuwa la mto na la kiwanda cha kuyeyushia shaba, lilipewa mji mwaka 1966. Basi karibu hakika aliyeandika si mpiga picha wala mwalimu wa darasa. Ni mtu wa baadaye aliyekuwa anakisia kama sisi. Wale watoto, walio hai, wamekaribia miaka 80 au wameipita. Inawezekana mmoja wao anauza mkaa mtaa wa pili kutoka biro yenu.

Haya ndiyo yanayotusumbua.

1. Picha zinakufa, na sababu zinajulikana.

Mji wetu uko kwenye mwinuko wa kama mita 1,200. Mvua inapiga kuanzia Novemba mpaka Aprili, kisha kinakuja kiangazi kikavu chenye usiku wa baridi kali. Uso wa picha ni gelatini, jamaa wa gundi ya ngozi: kwa unyevu inavimba, kwa ukavu inasinyaa. Chini ya bati lisilo na dari, mchezo huo unarudiwa kila mwaka mpaka chapa zilizolaliana zinashikana. Halafu anakuja mtumishi mwenye nia njema, anazibandua kwa nguvu, na uso wa mtu wa picha moja unabaki mgongoni mwa nyingine. Zilizoshikana ziachwe zilivyo, zitiwe kwenye bahasha, ziandikiwe «zimeshikana» na zimngoje fundi anayejua kuzilowesha.

Negativu za plastiki ni hatari ya aina nyingine. Zikinuka siki, ni asetati iliyoanza kuoza, na mvuke wake unaambukiza jirani zake. Zitengwe, zikopiwe kwanza. Zikiwa za kahawia, zinanata na kunuka vikali, huenda ni nitrati, filimu iliyoachwa kutengenezwa karibu na mwaka 1951. Nitrati iliyooza inaweza kuwaka yenyewe kwa joto, na moto wake hauzimwi kwa maji. Kuiweka chumba kimoja na makaratasi ya wananchi ni kulala na baruti chini ya kitanda. Plaki, zile negativu za kioo, nazo zisimame kwa ubavu wa mrefu, kila moja ndani ya karatasi yake. Zikilazwa, uzito wa za juu unavunja za chini.

Na tafadhali, mtu asizipeleke kuplastifye. Tunajua ndiyo desturi yetu kwa cheti cha kuzaliwa na diploma. Lakini mashine ile inayeyusha plastiki juu ya gelatini kwa moto, na baada ya hapo hakuna fundi duniani atakayezitenganisha. Trombone, vile vibanio vya waya, zina kutu, utepe wa kunata unaacha doa la manjano, na wino wa kalamu ya biki ukiandika nyuma unatokea mbele. Penseli laini inatosha.

2. Hakuna orodha, na mpango wa zamani umevunjwa.

Mtu fulani, hatumtaji, alipanga upya makatoni kwa mada: treni huku, watoto kule, wazungu sanduku la tatu. Inapendeza macho, lakini ni hasara kubwa kuliko mchwa. Picha zilizokutwa ndani ya bahasha moja mara nyingi zimetoka mkono mmoja, filimu moja, wiki moja. Ukimtambua paroko katika ya nne, umepata parokia ya ile ya tano. Ukizitawanya, kila moja imekuwa yatima. Kama yuko anayekumbuka zilivyokuwa, aulizwe sasa. Makatoni ambayo hayajaguswa yapewe namba jinsi yalivyo: katoni, bahasha, picha. Kwa mfano 03-12-005. Namba iandikwe nyuma, pembeni, picha ikiwa kifudifudi juu ya kioo safi, bila kukandamiza. Karatasi za picha za kuanzia miaka ya 1970, zenye mgongo laini wa plastiki, hazishiki penseli. Hizo namba ikae juu ya bahasha.

3. Maelezo yaliyokwisha kuandikwa, mengine ni ya uongo.

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu uongo wa nyuma ya picha unasafiri kuliko picha yenyewe. Tumeona «1935» juu ya chapa ambayo haiwezi kuwa ya 1935. Kipimo chake kiko mfukoni mwa kila kambisti, mbadilisha fedha anayekagua dola: taa ndogo ya zambarau. Kuanzia miaka ya 1950 viwanda vya karatasi za picha vilianza kutia dawa ya kung'arisha weupe. Zima taa ya chumba, mulika mgongo wa picha: ukiwaka weupe wa bluu, karatasi si ya kabla ya hapo, hata kama tukio ni la zamani. Ni chapa ya pili. Usipowaka, haijathibitisha kitu, maana karatasi nyingi za baadaye hazikutiwa dawa hiyo.

Bendera nazo zinasema, ila zinadanganya asiyezijua. Bendera ya kikoloni ilikuwa ya bluu yenye nyota moja ya manjano. Ya 1960 iliongezewa nyota ndogo sita pembeni. Ya Katanga, jimbo letu, wakati wa kujitenga, kuanzia Julai 1960 mpaka Januari 1963, ilikuwa na misalaba mitatu ya shaba. Ya kijani yenye mwenge ni ya Zaïre, jina la nchi yetu 1971 mpaka 1997. Tatizo liko kwenye filimu: plaki na filimu za zamani hazikuona nyekundu, na zilipenda bluu. Bluu inatoka karibu nyeupe, nyekundu inatoka nyeusi, manjano inaweza kutoka nzito kuliko bluu iliyoizunguka. Kwa hiyo kitambaa cheupe chenye nyota ya kijivu si bendera ya chama cha siri, kama ilivyoandikwa nyuma ya picha moja yenu. Ni ile ile ya kikoloni.

Reli: kampuni za reli zilibadilika majina. Behewa lenye herufi BCK, kampuni ya wakati wa ukoloni, ni la zamani kuliko la KDL, na SNCZ, shirika la reli la Zaïre, haikuwapo kabla ya 1974. Mpira: Mazembe, timu iliyochukua kombe la Afrika la vilabu 1967 na 1968, ilikuwa bado inaitwa Englebert, kwa hiyo picha ya kombe lile iliyoandikwa «Mazembe» iliandikwa baadaye. Mavazi: wanaume wa ofisi wote kwa abakosti, suti ya kitaifa ya Zaïre, bila kravati hata moja, hapo tuko kati ya miaka ya mwanzo ya 1970 na Aprili 1990. Terili, ule mlima mweusi wa mavi ya shaba, ulipanda miaka mingi na tangu miaka ya 2000 unapunguzwa. Umbo lake kwa nyuma linafaa kulinganisha picha na picha.

Kivuli je? Lubumbashi iko kusini mwa ikweta kwa digrii 11 na nusu na kidogo. Sehemu kubwa ya mwaka jua la saa sita mchana linakuwa upande wa kaskazini na kivuli kinaanguka kusini. Kuanzia mwisho wa Oktoba mpaka katikati ya Februari inageuka. Katika ile picha ya darasa watoto wamekunja macho, jua liko mbele yao, kivuli kifupi kinakwenda ukutani, na ardhi ni vumbi tupu. Kiangazi, karibu saa sita: ukuta ule unatazama kaskazini. Shule nyingi tayari zimeondoka kwenye orodha.

Lakini kabla ya yote, angalieni kama picha imegeuzwa. Negativu ikichapwa kwa upande wake wa nyuma, kushoto kunakuwa kulia. Maandishi yanafichua haraka. Pasipo maandishi, tazameni vifungo vya shati la mwanamume: tundu ziko upande wake wa kushoto. Nusu ya mabishano ya «hapa si Kamalondo» huishia hapo.

Na maelezo ya uongo yasifutwe. Yaachwe, yaandikwe kwenye orodha kama yalivyo, na masahihisho yawekwe chini yake pamoja na tarehe na jina la aliyesahihisha. Kesho inaweza kugunduliwa kwamba aliyekosea ni sisi.

4. Wanaojua hawaulizwi.

Hili halina maelezo marefu. Taa, bendera na kivuli vinatoa mwaka na mahali. Jina la mtu linatoka kwa mtu.

Tunajua mtakayotujibu, kwa sababu mengine tumekwisha kuyasikia.

Mtasema hakuna fedha. Chapa ya 13 kwa 18 ikiskaniwa kwa nukta 600 kwa inchi inatoa pikseli karibu 3,070 kwa 4,250; kwa nyeusi na nyeupe ni kama megabaiti 13. Picha 1,000 ni gigabaiti 13, zinaingia kwenye ufunguo wa USB wa gigabaiti 16 unaouzwa sokoni. Wekeni nakala mbili, majengo mawili tofauti. Skana ikikosekana, kwa kazi ya kutambua tu simu nzuri inatosha: picha mezani karibu na dirisha lisilopigwa jua moja kwa moja, simu sambamba na meza, flashi imezimwa, rula pembeni kwa kipimo, mbele na nyuma zote mbili. Nyuma isisahauliwe! Na zikitumwa kwa WhatsApp zitumwe kama dokima (faili), la sivyo zinabanwa na nyuso zinakuwa uji.

Mtasema zitaibiwa. Hatuombi asili itoke. Asili ibaki chumbani, kwa wazee ziende nakala za karatasi ya A4, picha moja kwa karatasi, na za makundi makubwa A3 kwa sababu ya macho yao.

Mtasema wazee wanasahau, au wanapenda kupendeza mgeni. Kweli, ndiyo maana kuna utaratibu. Juu ya nakala inawekwa kalki, karatasi inayopenyeza mwanga, na kila kichwa kinapewa namba; mzee anasema «namba 7», haoneshi hewani. Anayeuliza ni mmoja, anayeandika ni mwingine. Swali la kwanza ni «Papa, unaona nini hapa?» na si «Papa, huyu si fulani?», kwa maana ukitaja jina umekwisha kumpa jibu. Wazee wawili waulizwe mbali mbali. Wakikaa benchi moja, mwenye sauti kubwa atakumbuka kwa niaba ya wote. Kila jibu linawekewa daraja: namjua mwenyewe, nilisikia, nakisia. Jina haliingii bila mashahidi wawili ambao hawakusikizana, au shahidi mmoja na karatasi. Picha 10 au 12 kwa kikao, dakika 45, kisha chai. Baada ya hapo hata kijana anaanza kuona ndugu zake kila mahali.

Yaandikwe majina yote ya mtu. Mwaka 1972 majina ya Kikristo yalikatazwa, na Joseph wa daftari la kambi akawa mtu mwingine kabisa kwenye kadi ya Zaïre. Pasipo jina la zamani, jina jipya, jina la utani na «mama ya nani», tutahesabu mtu mmoja mara mbili. Ikiwezekana na nimero ya matrikule ya kazini: wastaafu wengi wanaikumbuka kuliko siku yao ya kuzaliwa.

La mwisho mtasema picha zitaamsha ugomvi. Hili si kisingizio tupu, tunalipokea. Mji huu una Desemba 1941, wanajeshi walipowapiga risasi wafanyakazi waliogoma. Una miaka ya kujitenga na kambi ya wakimbizi ya 1961. Una 1992 na 1993, Wakasai, watu wa asili ya Kasai, walipofukuzwa na kujaza vituo vya treni. Kwa hiyo picha za maiti, wafungwa, wagonjwa na watu wanaofukuzwa zisibandikwe ukutani. Zitengewe sanduku lake, zioneshwe kwa mtu mmoja mmoja aliyekubali mwenyewe, na familia ipewe haki ya kusema jina lisitangazwe. Lakini darasa la tano A halijamkosea mtu. Msifunge sanduku zima kwa sababu ya bahasha tatu.

Basi tunaomba:

1. Chumba kifunguliwe siku moja kwa juma, mtumishi wenu akiwapo, ili picha zihesabiwe na kupewa namba.
2. Negativu zinazonuka zitolewe chumbani humo mwezi huu huu. Hili halingoji mengine.
3. Nakala za kwanza zipelekwe kwenye nyumba za komine na parokia. Tunapendekeza tuanze na Kamalondo na Kenya, ndipo Katuba na Ruashi.
4. Bati la chumba lizibwe kabla ya mvua za kwanza. Pasipo hilo, makatoni yainuliwe juu ya mbao, angalau sentimita 15 kutoka chini, mbali na ukuta wa nje.
5. Tujibiwe kwa maandishi ndani ya siku 30. Kama jibu ni hapana, hiyo hapana iwe na jina na saini.

Kazi ya kuhesabu na kuuliza tutaifanya sisi, bila malipo. Kalki na penseli tutaleta.

Kwa heshima,
Kikundi cha watunza nyaraka, wapiga picha na walimu wa historia wa Lubumbashi

Tanbihi kwa wasomaji: aliyesoma, au ambaye mzazi wake alisoma, darasa la tano A katika miaka ya 1950, shule ya matofali yenye madirisha ya upinde na uwanja upande wa kaskazini, asingoje jibu la wakubwa. Amuulize mzee leo jioni kama anakumbuka siku ya picha, na nani darasani alikuwa na viatu. Jibu aliandike kwa maneno ya mzee mwenyewe, bila kuyanyoosha, pamoja na tarehe.